Kiambaza Chenye Doa

Kabla sijazaliwa nilikuwa na ukuta mmoja tu, na ukuta huo ulikuwa na adabu zake. Nikiusukuma kwa kisigino, unasogea. Nikijinyoosha, nao unajinyoosha. Nikikunja magoti unanifuata polepole mpaka unanigusa mgongoni, kama unaniuliza nimepatwa na nini. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniambia kwamba ukuta ni kitu cha kuzuia watu, namtazama tu, simjibu. Huyo amesahau ukuta wake wa kwanza.

Wala msiniulize nilijuaje haya nitakayoyasimulia. Tumbo ni chumba kama vyumba vingine, ila kuta zake ni nyembamba kuliko zote, na kila sauti inapita. Nilisikia kijiko kikikoroga uji. Nilisikia ugomvi ukianza, na nikausikia ukichoka. Mama yangu, Mwatumu, nilimjua kwa kicheko kabla ya kumjua kwa uso. Baba yangu, Salehe, nilimjua kwa maswali: umekula, umelala, anacheza, mbona leo hachezi? Nilikuwa nafikiri, baba. Nilikuwa nafikiri kwanza, nitacheza baadaye. Na nililokuwa nikilifikiri ni hili: mtu na nafasi yake, kipi hutangulia? Je, mimi nipo ndiyo maana watanipisha, au watanipisha ndiyo maana nitakuwepo? Chekeni mkitaka. Swali hilo lilinijia nikiwa nimekunja magoti gizani, na ukikaa hivyo huna pa kulikimbilia.

Sasa niwaeleze Nyumba, maana msipoielewa yenyewe hamtanielewa mimi.

Nyumba yetu ni duara. Katikati kuna ua ulio wazi kwa jua, na kuuzunguka ua huo ndiko tunakoishi sote, chumba baada ya chumba, mpaka wa mwisho anagusana bega na wa kwanza. Ukuta wa nje haujawahi kusogea. Una madirisha mengi kuliko watu, ili popote chumba chako kitakapoangukia usikose upepo, na upande wa ua milango ni mingi vilevile. Lakini kuta za kati, hizi zinazotenga chumba na chumba, ni viambaza vya kuhamishika: fremu ya mbao, plaiwudi huku na huku, makumbi ya nazi yamejazwa katikati ili mkoromo wa jirani ubaki kwa jirani, na magurudumu madogo chini yanayokwenda kwenye reli. Reli ina meno. Meno hayo yanakiruhusu kiambaza kwenda upande mmoja tu, kulia, na tangu Nyumba iwe Nyumba hakuna kiambaza kilichorudi kushoto. Aliyeijenga hivyo hatumjui. Wako wanaosema alikosea vipimo. Mimi nadhani alikuwa mtu aliyeyaelewa maisha, akaogopa kutuambia kwa mdomo.

Na kila kiambaza kina makomeo mawili, moja huku na moja kule. Huwezi kukisogeza peke yako hata uwe na nguvu za tembo. Sharti jirani afungue la kwake, nawe ufungue la kwako, mmoja aulize "Tayari?" na mwingine ajibu "Tayari", ndipo msukume pamoja. Wakubwa wengi wamewahi kupita hapa wakitaka kuitawala Nyumba. Walikuja na amri, wakakuta makomeo. Amri ikifunguliwa upande mmoja tu haisogezi kitu, basi walikaa siku mbili tatu, wakanywa chai yetu, wakaenda zao kutawala kuta za mawe.

Mtu akifa hapa, viambaza husogea na nafasi yake hugawanywa kwa wote. Mtoto akitarajiwa, viambaza husogea vilevile, na kila chumba hutoa shibiri moja. Shibiri hiyo haipimwi na fundi. Ni ya mkono wa mama mwenyewe: hupita chumba kwa chumba na bakuli la chokaa, akachovya kiganja, akakibandika sakafuni kando ya kiambaza, na alama ile ndiyo deni la upendo la chumba kile. Sasa mama yangu ana mkono mkubwa. Alipofika kwa Athumani Pazi, mtu mnene mwenye sauti nene, ambaye hajawahi kunyamaza pale anapoweza kusema, Pazi aliitazama alama ile akashika kiuno.

"Jamani Mwatumu! Huo mkono au ungo?"

"Mlalamikie mtoto, kaka Pazi. Anakua yeye, nakua na mimi."

"Basi huyo mtoto ni yule yule, akipewa shibiri huchukua pima!"

Wakacheka wote, nami nikacheka kwa namna yangu, mama akajishika ubavu.

Kuna jambo katika usogezaji huo ambalo nalipenda kuliko mambo yote ya Nyumba, na naomba mnivumilie nilieleze. Kazi huanzia kwa jirani wa kushoto wa mama. Huyo anatoa shibiri yake, kiambaza chake kinasogea shibiri moja. Anayemfuata anapokea nafasi ile, anaiongezea ya kwake, anapitisha shibiri mbili. Anayefuata anapitisha tatu. Nafasi inazunguka duara zima hivyo, kila mtu akiipokea na kuitoa, mpaka inafika kwa jirani wa kulia wa mama, na huyo kiambaza chake kinatembea upana wa chumba kizima. Chumba chake chote kinahama. Lakini ukimpimia usiku, amepungukiwa shibiri moja tu kama wenzake. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na anayekuja ndiye anayesogea kuliko wote, wala hapotezi zaidi ya yule aliye mbali. Na akitokea mmoja akakataa, hakukatalia shibiri yake peke yake. Amezuia za wote zilizokuwa zikipita mikononi mwake.

Na chumba kisipopatikana? Hapo ndipo penye roho yangu. Mtoto atakayezaliwa kabla ya chumba chake huitwa Mgeni, na hulala kwa zamu kwenye vyumba vya watu. Wapo wazee kati yetu wanaoitwa Mgeni mpaka leo. Wanapendwa, wanalishwa, wanapewa mnofu wa kwanza. Ila hawana komeo, na asiye na komeo hakuna amwulizaye "Tayari?" Nilikuwa nataka kuulizwa. Sikutaka kitu kingine duniani, na dunia yenyewe nilikuwa sijaiona.

Jirani yetu wa kulia alikuwa Mzee Chande.

Huyo ndiye fundi wa viambaza. Nusu ya kuta za Nyumba zimetoka mikononi mwake, na cha kwangu alikwisha kukitengeneza: kilikuwa kimesimama uani, cheupe, kinanukia mbao, hakina hata alama ya ukucha, kwa sababu desturi yetu ni kwamba mtoto hupewa kiambaza kipya na mwenye chumba huondoka na chake cha zamani. Alikipiga randa kwa upendo. Nilimsikia akikiimbia. Lakini wahenga walisema mganga hajigangi. Mkewe, Bi Tausi, alipofariki, watu walimwendea kwa upole kuuliza lini nafasi ya marehemu itagawanywa, naye akajibu "Kesho." Kesho ya Mzee Chande ikawa ndefu. Watu wakaiheshimu, kisha wakaizoea, kisha wakaisahau.

Wasichokijua ni doa. Bi Tausi alikuwa msusi wa ukili wa mikeka, na siku zote aliketi mahali pamoja, miguu ameinyoosha, mgongo na kichwa ameviegemeza kwenye kiambaza kinachotenga chumba chao na chetu. Nywele zake zilipakwa mafuta ya nazi kila asubuhi. Basi kichwa kile, mwaka baada ya mwaka, kiliacha doa kwenye plaiwudi, la duara, ukubwa wa kisahani. Mzee Chande alikuwa akinywa kahawa yake ameketi mbele ya doa hilo. Alilisalimu. Alilisimulia bei ya misumari. Na kiambaza kile kikisogea, doa litakwenda kusimama juu ya sakafu ambayo Tausi hakuwahi kuikalia, na sakafu aliyoikalia Tausi itakuwa ya mtu mwingine. Mume angechagua lipi, doa au mahali? Hakuchagua. Alilifunga komeo la upande ule, akalifunika kwa kanga ya marehemu, akanyamaza.

Namwelewa. Nilimwelewa hata wakati ule, na ilikuwa roho yangu aliyoifungia.

Siku ya kusogeza ilianza kwa jua na harufu ya vitumbua. Bi Hidaya, mkunga wetu, alisimama katikati ya ua. Yeye ni mkunga wa watu na mkunga wa vyumba pia. Sauti inayowaambia akina mama "sukuma" ndiyo hiyo hiyo inayoviambia viambaza. Asubuhi ile alikuwa amemsuka mama yangu na kumpaka mafuta kichwani mpaka yanachuruzika shingoni, kama wanavyofanyiwa wajawazito walio karibu kujifungua.

"Wa kwanza!" aliita.

"Tayari?"

"Tayari!"

Magurudumu yakalia kri, kri, kri kwenye meno ya reli. Ningewaonyesha furaha ile kama ningeweza. Vitanda vilivutwa na wenyewe wamelala juu yake kwa uvivu. Paka mmoja alihamishwa kutoka chumba hadi chumba bila kuinua kichwa. Mtu alikuta kijiko chake kilichopotea tangu harusi yake, akakibusu. Watu waliokuwa wamenuniana walilazimika kuulizana "Tayari?", na ukishamjibu mtu "Tayari" ni vigumu kuendelea kumnunia. Nafasi ilikuja ikizunguka, inakua, inakua, nami niliisikia inavyokuja kama unavyosikia watu wakilitaja jina lako kwa mbali. Ilimfikia Pazi. Pazi akafungua, akasukuma kwa tumbo, kiambaza kinachomtenga na Mzee Chande kikaondoka mbio, kwa sababu upande ule mzee hakuwahi kuufunga. Hapakuwa na kitu chake pale.

"Wa mwisho!" aliita Bi Hidaya.

Baba yangu, upande wetu, alifungua komeo. "Tayari?"

Akakigonga kiambaza.

"Mzee Chande, tayari?"

Baba akasukuma. Akaja mjomba, akaja na mwingine. Kiambaza hakikutikisika hata kidogo, kikawatazama tu.

Hapo ndipo kosa letu lilipoonekana, na ni kosa la watu kama sisi tu. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba mwingine amekwisha kumwuliza Mzee Chande. Baba alidhani Bi Hidaya amemwuliza, Bi Hidaya alidhani Pazi, Pazi alidhani jambo kubwa kama lile mtu kama yeye hawezi kuachiwa. Wote walimwonea haya mjane. Heshima nayo ni ukuta, na huo hauna hata gurudumu. Kwa hiyo tulisukuma shibiri zetu zote, duara zima, kwa nyimbo na vigelegele, tukazimwaga zote kwenye chumba cha mtu mmoja aliyekuwa amekataa kutoa hata moja. Nasi hatuna njia ya kurudi kushoto.

Pazi alichungulia kupitia mlango wa uani. "Aisee!" akasema. "Huyu mzee amekuwa sultani."

Na kweli. Mzee Chande alikuwa ameketi mahali pake na kikombe cha kahawa, na nyuma yake chumba kilikuwa kimefunguka kuwa ukumbi. Kitanda chake kilionekana kidogo. Alisema kitu, na sauti yake ikamrudia kutoka upande wa pili. Fikirini: mtu hakuiba, hakupigana, hakutoa amri. Alifunga komeo moja tu kwa huzuni, na Nyumba yote ikajikuta imemtajirisha. Sijui kama kuna siri nyingine ya ufalme zaidi ya hiyo. Tofauti ni kwamba wafalme hufurahi, naye Mzee Chande alikuwa ametahayari mpaka masikio.

Bi Hidaya akaingia, na watu wakasongamana mlangoni.

"Kaka Chande. Kuna nini?"

"Sikuomba haya yote, dada Hidaya."

"Hukuomba. Wala hukusema."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mtoto nimpe. Sikatai. Nafasi si hiyo hapo? Wekeni kiambaza chake kule mwisho, upande wa Pazi. Mimi niacheni hapa hapa nilipo."

"Yaani wewe ukae katikati? Mama huku, mtoto kule?"

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mtoto akilia, mama apite chumbani kwa mjane kwenda kumnyonyesha? Na kanga moja?"

Watu wakaangua kicheko, hata baba. Mzee Chande naye nusura acheke, mdomo ulikwisha kuanza, kisha akaliangalia doa na mdomo ukarudi. "Siwezi, dada Hidaya," alisema taratibu. "Nimejaribu. Nikishika lile komeo mkono unakataa. Nisameheni."

Huwezi kumfungulia mtu komeo lake. Kama ungeweza, lisingekuwa lake. Nje mtu mmoja alikwisha kunong'ona: basi aitwe Mgeni, tufanyeje? Na mimi nilisikia. Mgeni. Nikasema hapana. Nikasema kwa njia pekee niliyokuwa nayo.

Nilisukuma.

Mama yangu alikuwa uani. Uchungu ulimshika ghafla, akatafuta pa kukimbilia, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule.

"Hodi, Mzee Chande."

"Karibu, mwanangu, kari—"

Akaingia ameinama, akanyoosha mkono kutafuta ukuta, akapata ukuta. Akageuka, akateremka polepole na mgongo wake, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Kichwa kikaenda nyuma.

"Hapo usiegemee!" mzee alipiga kelele. "Mwatumu! Hapo usi—"

Alikwisha kuegemea. Macho ameyafumba, anapumua kwa mdomo, na mafuta yote aliyopakwa asubuhi yanaingia kwenye plaiwudi.

Sikufanya hila. Naapa. Mtu anayezaliwa hana nafasi ya kupanga hila. Lakini ule mwili wa mama yangu, ulivyoteremka, ulifuata kitu. Pengine sakafu ina kumbukumbu, na mahali palipokaliwa sana panakuwa na namna ya kumwambia mchovu kaa hapa. Pengine nilikuwa mimi. Pengine wakati ule sikuwa mimi bado: nilikuwa shibiri za watu wengi zilizotafuta mtu wa kuwa, na moja kati ya shibiri hizo ilikuwa ya Bi Tausi, ambayo haikuwahi kurudishwa, na ilikuwa inaijua njia ya kwenda kukaa. Sijui. Nikifika hapo fikra zangu huwa zinanishinda, nami huziacha zinishinde.

Uchungu ulipolegea, Bi Hidaya alimsogeza mama mbele kidogo. Mzee Chande akakaribia kiambaza. Alikuwa na hasira. Doa lilikuwa limelowa lote, limepanuka, linang'aa. Alitafuta lilipoishia la zamani na lilipoanzia jipya, na fundi wa miaka yote ile hakuona mpaka. Akainama karibu zaidi. Kisha nikamsikia akivuta pumzi kwa pua, mara moja, halafu tena.

"Linanukia," alisema.

Mlangoni watu wakanyoosha shingo nao wanuse. Hata Pazi.

"Lilikuwa limekauka. Limebaki rangi tupu. Nilikuwa nakaa hapa kila siku na halinukii chochote, nikasema ni pua yangu, uzee." Akaketi chini kwa ghafla kama mtoto. "Miaka yote nalilinda lisiguswe. Kumbe lilikuwa linataka kichwa."

Akaanza kucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka, wala hakujificha, akajifuta kwa kanga ya marehemu baada ya kuivuta kutoka pale ilipotundikwa. Komeo likaonekana. Akalishika. Mkono haukukataa. Upande wa pili baba yangu, ambaye alikuwa amerudi kusimama pale peke yake kwa sababu hakujua asimame wapi kwingine, alisikia chuma kikilia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Tayari?"

"Tayari, mwanangu. Lakini usisukume. Acha hivyo hivyo." Kisha akageukia mlango. "Pazi! Tumbo lako lina kazi. Nihamishieni kitanda kule mwisho. Na mniletee kiambaza kipya, mkisimamishe hapa katikati."

Bi Hidaya akainua kichwa. "Kipya ni cha mtoto, kaka. Mwenye chumba huondoka na chake. Ndivyo ilivyo tangu zamani."

"Mtoto ukuta mtupu wa nini? Kwani anakuja pasipo na watu?" Akajipangusa pua. "Mwachieni huu. Mimi ndiye ninayehitaji kipya."

Bi Hidaya ni mwanamke anayejua desturi zote za Nyumba, na nadhani siku ile aliona desturi mpya ikichomoza, akaijua kama anavyojua kichwa cha mtoto. "Leteni," aliwaambia.

Wakakileta kimebebwa juu ya mabega, cheupe kama sahani, wakakipachika kwenye reli, Mzee Chande mwenyewe akiwaelekeza, akirudi nyuma kutazama, akilaani gurudumu moja, akikumbuka kwa sauti kwamba shibiri yake bado. Akapima kwa alama ya chokaa ya mama yangu, akasukuma kiambaza kipya kri, kri, kri, mpaka ikatimia. "Mkono huu kweli ungo," alisema. Na akafunga mlango nyuma yake, akatuacha wanawake wawili na mimi katika chumba ambacho muda mfupi uliopita hakikuwepo.

Basi nikatoka. Sitawasimulia sana, ninyi nyote mmewahi kupita pale, na kama mmesahau ni adabu tu. Nilisukuma ukuta wangu wa kwanza mara ya mwisho, nao, kwa adabu yake ile ile, ukasogea. Kulikuwa na mwanga. Kulikuwa na mikono ya Bi Hidaya. Kitu cha kwanza nilichokivuta puani kilikuwa harufu ya mafuta ya nazi, na nikalia kwa sababu nilikuwa na furaha na sikuwa na njia nyingine.

"Mgeni kafika!" Pazi alipaza sauti huko uani.

Kiambaza kipya kikagongwa kutoka upande wa pili, ngo, ngo, kwa kifundo cha kidole.

"Mgeni nani, wewe Pazi?" Mzee Chande alifoka kwa furaha. "Huyo ndiye mwenyeji. Mimi ndiye niliyehamia leo."

Likawa jina langu. Mwenyeji. Wengine huona ni jina la kuchekesha kumpa mtoto wa siku moja, nami huwaambia waje waone komeo langu.

Hapa kwetu siku hazirudi, kwa hiyo nikisema baadaye nina maana ya chumba kinachofuata tu. Baadaye nilitambaa. Baadaye nikaketi mwenyewe, mgongo kwenye kiambaza, na doa lilikuwa juu sana, kama jua. Nilikua nikilipimia. Kila nikipakwa mafuta nilikwenda kuketi pale, nikanyoosha miguu, nikainua kidevu. Mzee Chande alikuwa akinigongea asubuhi, "Hodi, mwenyeji," nami namwitikia, "Karibu, jirani," naye huja na kahawa yake na kusuka ukili, kazi aliyojifunza uzeeni na anayoifanya vibaya sana. Alinisimulia habari za Bi Tausi mpaka nikawa nakumbuka mambo ambayo sikuyaona. Wakati mwingine nikiegemea sijui nani ameegemea. Hainitishi. Kiambaza chake kipya nacho kimeanza doa, dogo, la kichwa chenye mvi.

Na leo asubuhi kichwa changu kililifikia doa. Nilihisi plaiwudi ikiwa laini, imezama kidogo, imenisubiri. Nilikaa pale nimefumba macho, na ndipo niliposikia bakuli likiwekwa sakafuni.

Alikuwa mama. Tumbo liko mbele, kiganja cheupe kwa chokaa, anacheka na kuona haya kwa wakati mmoja. Aliinama kwa shida akabandika mkono wake kando ya kiambaza cha doa. Mkono ule ule.

"Shibiri yako, Mwenyeji," alisema. "Umekuwa jirani wa kulia sasa."

Niliitazama alama. Nilitazama sakafu niliyoikalia, ambayo haitakuwa yangu. Kwa mara ya kwanza nilijua mkono unavyokataa. Si maneno ya mzee tu, unakataa kweli. Bi Hidaya alikuwa amekwisha kusimama uani. Duara lilikwisha kuanza, kri, kri, linakuja. Baba alipiga hatua upande wa pili, nikasikia komeo lake likifunguka.

"Tayari?" aliniuliza.

Sijawahi kupendwa kwa neno fupi kama lile.

"Tayari," nilijibu. "Lakini msisukume hiki. Mwambieni Mzee Chande aniletee kipya."

Na kabla hawajafika niliegemea tena, nikakisugua kichwa changu pale vizuri, huku na huku, mafuta yashike.